Sentensi Iliyoingia Bila Salamu

Kwa bibi yangu kule Malindi ya milimani, si ile ya pwani, habari haitangulii salamu. Mgeni atabisha hodi, atakaribishwa, atapewa kigoda, kisha zitaanza: onga mshi, ndiyo salamu yetu ya mchana, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za shamba, mvua imeshuka kwenu au bado. Hata kama amekuja kuposa, habari yake itasubiri. Nilipokuwa kidato cha pili jambo hili lilinichosha kweli kweli. Mimi ni mtu wa haraka, na salamu za milimani hazina haraka hata kidogo.

Mwaka huo nilikaa naye ili nisome shule ya karibu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na riwaya ya vijana, nakala moja tu, ikizunguka darasa zima. Ilipofika zamu yangu, bibi aliniona nayo mkononi, na maharage yamejaa uani hayajapukuchuliwa. Akauliza kama ni ya mtihani. Nikasema hapana, ni hadithi. Akasema basi kesho irudi kwa mwenyewe, kazi ni nyingi. Hakuwa mkali, alikuwa ameshaamua tu, na bibi akiamua ndiyo imetoka.

Niliumia. Nilikuwa nimesoma sentensi ya kwanza tu, nikiwa nimesimama njiani kwenye ukungu, na nilijua wenzangu wakiimaliza watanisimulia vibaya. Nikakaa naye mkekani, ungo mapajani, nikapukuchua huku nimenuna. Mwishowe nikamwomba nimsomee sentensi hiyo moja, kisha nifunge.

“Moja,” akasema.

Nikasoma: “Siku mama alipouza mlango wa nyumba yetu, mimi ndiye niliyeubeba mpaka sokoni.”

Nikafunga kitabu, kama tulivyokubaliana. Bibi akaacha maharage.

“Nani huyo?”

“Msichana wa kwenye kitabu, bibi.”

“Mbona hajasalimia?”

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa na mzaha. Kwetu, anayeanza na habari kabla ya salamu ametoka mbio kwenye moto au kwenye msiba, na watu huinuka kabla hajamaliza kusema. Bibi naye alikuwa ameshainuka nusu, mkono mmoja umeshika goti.

“Wameuza mlango,” akasema taratibu. “Na baridi hii. Leo wanalala vipi?”

Darasani nilifundishwa kwamba mwanzo mzuri humvuta msomaji, nikaandika hivyo, nikapata vema, bila kuelewa chochote. Sasa nilikuwa nauona ukifanya kazi. Maneno machache, ya mtu asiyejua hata kama sisi tupo, yalikuwa yamepanda milima yote hii, yameingia bila hodi, na yamemwinua mwanamke ambaye mwenyekiti wa kijiji mwenyewe hasikilizwi naye mpaka aulizie ng'ombe. Nilistaajabu, na bado nastaajabu. Tangu siku ile nimesoma riwaya nyingi za vijana, na kila nikifungua ukurasa wa kwanza najiuliza kama huyu anayezungumza ana haki ya kuruka salamu. Wengi hawana, wanaanza na jua kuchomoza. Wachache wanayo, na nikikutana nao huwa nasimama palepale nilipo.

Asubuhi nilikitia kitabu kwenye begi nikirudishe, kwa sababu neno la bibi ni neno. Akanikuta natoka.

“Unampeleka wapi?”

Nikamkumbusha alivyosema jana.

“Mwambie mwalimu tunamwomba atuvumilie,” akasema. “Mtoto wa watu amekuja na shida yake, hata salamu hakukumbuka, sisi tumfukuze kabla hatujamsikiliza?”

Akakitoa kitabu kwenye begi langu, akakilaza kitandani kwake, akakifunika blanketi.