Kivumbasi cha Mourine na Mguu wa Mjomba

Mourine alinukia kivumbasi hata akitoka kuoga. Katika maabara moja mjini, kazi yake ilikuwa kuyatoa mafuta ya majani hayo: anayachemsha kwenye chupa ya mviringo, mvuke unapanda, unapoa, naye anangoja kwa miguu iliyovimba. Chupa nzima ya majani humpa mafuta yasiyojaza kizibo cha soda.

Jumapili moja alienda Soweto West, Kibera, kwa mjomba wake Lusweti, seremala. Kwenye chai akasimulia kwamba mashine imeonyesha mafuta yale yamejaa eujenoli, ile kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Tena walipodondosha tone kwenye kisahani chenye vijidudu vya vidonda, vilikufa vyote kulizunguka. Alisimulia kwa furaha, maana habari njema kazini zilikuwa haba.

Lusweti aliutazama mguu wake. Patasi ilikuwa imemkata mguuni, na kidonda kilikataa kupona.

Siku chache baadaye akaja akichechemea hadi mtaa wa Kongo, Kawangware, alikopanga Mourine, akaomba kichupa.

"Mjomba, vilikufa kwenye kisahani," Mourine alimwambia. "Kisahani hakina ngozi ya kuungua. Twende kliniki."

"Si wewe ulisema yanaua? Sasa mbona mimi unaninyima?"

Akaondoka chai ikiwa nusu. Kesho yake mama yake Mourine alipiga simu kutoka Bungoma kuuliza kama ni kweli amemnyima kaka yake dawa. Mourine akaeleza. Akamweleza na Becky, bintiye Lusweti, kisha shangazi, kisha mama tena, mpaka maneno yenyewe yakamchosha mdomoni.

Lusweti naye alinunua mafuta ya kivumbasi kwa mchuuzi, akayamimina mabichi juu ya kidonda. Becky ndiye aliyepiga simu: ngozi imebabuka, mguu umevimba hadi gotini. Mourine akaomba ruhusa kazini, akasemwa, akaenda.

Kliniki walimpima Lusweti sukari, ikawa juu sana. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikikizuia kidonda kupona muda wote huo. Akaanzishiwa dawa, kidonda kikasafishwa. Becky alikuwa akifanya kazi saluni mpaka jioni, kwa hiyo kubadilisha bendeji kukamwangukia Mourine. Anatoka kwenye mvuke wa majani, anashuka Kibera, anapiga magoti mbele ya mguu wa mtu asiyemsemesha. Ukoo haukupiga simu tena kuuliza lolote.

Kidonda kilianza kujifunga taratibu, kutoka pembeni. Jioni moja, Mourine akikaza bendeji, Lusweti akavunja kimya.

"Na hayo mafuta yenu, yatakuwa dawa lini?"

"Sijui, mjomba. Lazima tujue kwanza kama yanadhuru mwili. Halafu wajaribu kwa panya, ndiyo watu wafuate. Huenda yasiwe dawa kamwe."

"Na bado unachemsha?"

"Bado nachemsha."

Mzee akakisukuma kiti chake kimoja kizuri, kile alichokitengeneza cha kuuza, mpaka karibu naye.

"Keti basi. Umesimama kutwa."

Mourine akaketi. Lusweti akachechemea hadi kwenye jiko kubandika chai, na kabla maji hayajachemka mpwawe alikuwa ameshalala, kichwa ukutani, viatu miguuni.