Ndoo ya Minyoo ya Nyamasaria

Ukiwahi kupika chakula cha kuuza kando ya barabara kuu pale Nyamasaria, utajua kwamba kupika si taabu. Taabu ni kinachobaki. Maganda ya viazi, maganda ya ndizi, majani ya chai, vikonyo vya sukuma wiki, na mifupa ya samaki ambayo hata mbwa wameichoka. Nabalayo alikuwa akivirundika vyote nyuma ya kibanda chake, na jua la Kisumu likavipika mara ya pili. Gari la taka lilikuja likipenda. Lisipokuja, nzi walikuwa wa kwanza kuonja chai ya wateja.

Ndipo siku moja Mzee Dalmas, mwenye ploti, akafika ameziba pua kwa leso. "Mama Enos, mimi si mtu wa maneno mengi," akasema, kisha akaongea mpaka chai aliyopewa ikapoa. Maana yake ilikuwa moja tu: uvundo ule ukizidi, kibanda kitapewa mtu mwingine.

Apewe mtu mwingine! Nabalayo aliletwa huku kutoka Bungoma akiwa mke wa taniboi wa lori la miwa la Muhoroni. Mume akafuata lori, akafuata na mwanamke wa mbele huko, akamwachia mtoto mgongoni na sufuria. Kibanda kile ndicho kilichomlisha Enos, kikamvisha, kikamsomesha mpaka akapata kazi Nakuru. Wateja walikuwa wakimwita *nyar mwa*, binti wa watu wa kando, yaani asiye Mjaluo. Lilikuwa neno la utani, na kwa miaka mingi hata utani wenyewe ulikuwa umeisha. Aliamini amekuwa wao. Maskini ya Mungu, aliamini kabisa.

Dawa aliipata kanisani. Mama mmoja wa Muhoroni, jina lake Achola, alialikwa na kikundi cha akina mama awafundishe kugeuza taka za jikoni kuwa mbolea kwa kutumia minyoo wekundu. Sasa sikiliza hapo. Kamusi ina neno zuri la mdudu yule wa udongoni: nyungunyungu. Limekaa humo kamusini linajilalia. Nani Nyamasaria analisema? Achola alisema minyoo, akina mama wakasema minyoo, na yale maji meusi yanayochuruzika chini ya ndoo, yale yanayonenepesha mboga, Achola aliyaita mkojo wa minyoo. Akina mama walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nabalayo akarudi nyumbani na kopo la minyoo mkononi, na maneno yale mawili mdomoni.

Ndoo walizitengeneza pamoja, yeye na Caren. Caren alikuwa mwoshaji wake wa vyombo, wa kanisa moja naye, mtu wa kuachiwa ufunguo. Waliomba ndoo kuukuu za rangi kwa mafundi waliokuwa wakimalizia ghorofa jirani, wakazisugua mpaka rangi ikabanduka. Caren alishika msumari kwa koleo, akauchoma kwenye jiko mpaka ukawa mwekundu, akatoboa kitako cha ndoo moja, tundu baada ya tundu, plastiki ikinuka na yeye akikohoa. Wakaipachika ndani ya nyingine juu ya kipande cha tofali, ili maji yapate pa kushukia. Wakachana katoni, wakaziloweka na kuzikamua, wakatandika. Udongo kidogo, minyoo, maganda yaliyokatwakatwa, na juu kipande cha gunia bichi. Kifuniko nacho kikatobolewa matundu ya kupumulia.

"Hawa wakifa, mimi sizikwi nao," Caren alisema, na wakacheka.

Nusura wafe kweli. Taka za Kisumu zisizo na samaki ndani ni za nani? Nabalayo alisahau onyo la Achola kuhusu samaki na chumvi, akamwaga humo vichwa vya omena pamoja na maji ya chumvi alimoziosha. Asubuhi alipofunua, minyoo walikuwa wamepanda wote mpaka kwenye kifuniko, wameshikana fundo, wanatafuta pa kutorokea. Alishikwa na huruma ambayo hakujua anayo kwa wadudu. Akazoa omena kwa mkono, akabadilisha matandiko, akawaomba msamaha kwa Kibukusu. Tangu hapo mambo ya samaki yalifukiwa shimoni, na ndoo ikala maganda tu.

Na ikala! Kufika mvua za masika, uvundo ulikuwa umekwisha. Nyuma ya kibanda palinuka udongo uliopata mvua, basi. Nabalayo akajaza magunia mchanga na mbolea ile nyeusi, akapanda sukuma, akainywesha yale maji ya ndoo. Jamani, sukuma ile! Majani mapana, laini, hayahitaji hata nyanya. Mzee Dalmas alipita, akanusa, akanusa tena, hakupata la kulalamikia, akaondoka na fungu la mboga kwapani. Nabalayo alilala usingizi wa mtu aliyeokoka.

Angenyamaza tu. Lakini mtu akifanya jambo jema kwa mikono yake mwenyewe, utamfunga mdomo na nini?

Ilikuwa mchana, kibanda kimejaa. Joram, mwendesha boda mwenye mdomo usio na breki, alikuwa anamalizia ugali. "Mama Enos, siku hizi hata nzi wamekuhama. Umewafanyia nini?"

"Nafuga minyoo," Nabalayo akajibu, kifua mbele.

Mikono ikasimama juu ya sahani.

"Unafuga nini?"

"Minyoo. Mingi sana. Ndio inakula huo uchafu wote. Na hiyo sukuma unasifu kila siku, ni mkojo wao nawekea." Akatabasamu kabisa! Akamshika Joram mkono, akampeleka nyuma, akafunua gunia ajionee. Wekundu wale walikuwa wanajinyonganyonga kwenye maganda ya ndizi, wamenona.

Joram alirudi mbele mkono umeziba mdomo. "Wuoi! Wazee, tumelishwa minyoo!"

Kila mtu pale alijua minyoo ya aina moja tu: ya tumboni, ile ambayo watoto hupewa dawa yake shuleni. Nabalayo alijaribu kueleza. Hawa ni wa udongo. Hawa wakiingia tumboni hawaishi. Lakini alikuwa ameshasema mkojo, na ukishamwambia mtu aliye na tonge mdomoni habari ya mkojo, usitegemee masikio yake tena. Akamgeukia Caren, aliyekuwa pale kwenye karai la vyombo. "Caren, si waambie! Si wewe ulitoboa ndoo?"

Caren hakuinua kichwa. "Mimi naosha sahani tu."

Hilo ndilo lililomuuma, kuliko la Joram. La Joram lilikuwa upumbavu. La Caren hakulipatia jina, na hata leo ukimuuliza atakwambia, "Wacha tu."

Kabla ya jua kutua habari ilikuwa imefika stendi ya boda, na kila aliyeibeba aliiongezea chumvi. Mtoto wa fundi mmoja akaumwa tumbo, kama watoto wanavyoumwa tumbo kila siku, na lawama ikaja kibandani mbio. Wateja wakaanza kuvuka barabara. Nabalayo alipika ugali akaula mwenyewe, akapika chapati akazigawa kwa majirani, majirani wakazitupa akiona. Jina la Mama Enos likafa. Watoto walianza, watu wazima wakafuata: Mama Minyoo. Na *nyar mwa* likarudi, safari hii bila kicheko. "Hao watu wa kando wanakula kila kitu," alimsikia mwanamke mmoja akisema, na mwanamke huyo alikuwa amekula kwake tangu Enos akiwa anatambaa.

Mzee Dalmas alifika bila leso. "Nilikwambia uondoe uchafu," akasema. "Wewe ukaamua kuufuga."

"Mzee, si ulinusa mwenyewe? Si ulibeba mboga?"

Mzee akatazama pembeni, akamwambia ahame. Siku ya kuhama, mkokoteni ulijaa sufuria, mabenchi na jiko. Nabalayo alitaka kuipakia ndoo pia, lakini watu walikuwa wamesimama wanatazama, na Caren akamsogelea kwa sauti ya chini ya kidada. "Hiyo niachie, dada. Watakuchekelea njia nzima. Nitaimwaga mimi." Nabalayo akaona hata huyu kumbe bado ana utu. Akamshukuru. Alimshukuru, fikiria!

Alipata kazi ya kumenya viazi kwenye hoteli ya watu kule Sondu, chini ya msichana aliyemwita "wewe". Maganda yakamwagwa mtoni mbele ya macho yake, kila siku, naye akanyamaza. Alikuwa amejifunza kunyamaza, lakini amejifunza wakati neno limeshamla.

Miezi ikapita. Alipopata ruhusa ya kwenda mjini kumwona daktari wa meno, alishuka Nyamasaria. Alijiambia anapita tu. Kibanda kilikuwa kimepakwa rangi ya samawati, kimejaa hadi nje, na aliyeshika mwiko alikuwa Caren. Nabalayo hakushangaa sana. Moyo ulikuwa umeshajua, ulikuwa unangoja macho. Akazunguka nyuma. Ndoo ilikuwa palepale, ndani ya mwenzake, na kifuniko chake cha matundu juu. Magunia ya sukuma yalikuwa yameongezeka, yamepangwa mpaka ukutani.

Caren alimfuata nyuma akijifuta mikono. Angalau hakujifanya. "Dada, mzee aliniuliza ni nini. Nikamwambia mbolea. Akasema sawa." Akainua mabega. "Ni hivyo tu. Wewe ulikuwa unaiita vibaya."

Damu ikampanda Nabalayo. Neno moja! Alijua pale pale kwamba analo, liko ulimini, na kwamba lilikuwa limebomoa kibanda kile mara moja na lingeweza kukibomoa tena. Akatoka mbele. Joram alikuwa kwenye benchi, sukuma imejaa sahani. Mzee Dalmas alikuwa kando yake, naye anakula.

"Joram!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hiyo sukuma imelishwa mkojo wa minyoo. Ni ile ndoo yangu. Ni minyoo yangu ileile, iko hapo nyuma, nenda ufunue!"

Joram akaitazama sahani. Akamtazama Caren.

"Ya Mama Minyoo nilimwaga," Caren akasema kwa utulivu, akiongeza ugali kwenye sahani ya mteja. "Hiyo ya nyuma ni mbolea."

"Aa, mbolea," akasema Joram, akakata tonge. Benchi zima likaangua kicheko. Mtu mmoja akasema wivu ni ugonjwa mbaya. Mzee Dalmas akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Mama, kama ni njaa, kaa ule. Usimharibie mwenzako kazi."

Na ilikuwa njaa pia. Alikuwa ametoka Sondu alfajiri bila chai. Caren akamwekea sahani mbele yake, ugali na sukuma, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba hatalipa. Nabalayo alitaka kuimwaga chini. Mkono ulifika ukingoni mwa sahani, ukakaa hapo. Ilikuwa sukuma yake. Hakuna mtu pale aliyejua kama yeye kwamba chakula kile hakina neno, hakijawahi kuwa na neno, na kwamba udongo uliokiotesha ulikuwa safi kuliko midomo iliyokuwa inakila. Machozi yakamlenga. Akanawa, akakaa mwisho wa benchi, akala.

Joram akampiga kiwiko jirani yake, akamwonyesha kwa kidevu.

"Si unaona? Mwenyewe anakula. Kungekuwa na minyoo angekula?"