Utando wa Ishirini na Sita

Mzee Nurdini aliacha uenyekiti wa kijiji chetu, huku Likunja, zamani sana, lakini hata msibani bado anadai kiti chenye egemeo. Katika uongozi wake wote nakumbuka kazi moja tu, nayo ni ripoti. Mwaka wa njaa, sisi tukihangaika porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni ya kuliwa, yeye aliandika kwamba mvua zimetosha ila watu ni wavivu, na kama mfano akamtaja Hajira kwa jina. Chakula cha msaada kikatupita. Harithi, mume wa Hajira, akampa talaka akiwa na kichanga mgongoni, Munira, eti hawezi kuishi na mvivu. Jina hilo lilimganda Hajira. Sisi nasi tulimwita hivyo, na naona aibu kulisema.

Mwaka jana akaja mtafiti, Fortunatus, akitafuta mawe yanayoota pangoni kwa maji yanayodondoka kutoka juu. Nurdini akajifanya mwenye pango. Alibeba kamba asiyojua hata kuifunga, kisha akaenda Nachingwea kusafisha picha aliyopigwa akiwa ameshika jiwe walilolitoa humo, akaitundika sebuleni.

Juzi Fortunatus alirudi na jiwe lile limepasuliwa katikati na kusuguliwa. Lilikuwa na mistari tele. Kila mwaka maji huacha utando, alitueleza mkutanoni. Mvua zikiwa nyingi unakuwa mnene, kukiwa na ukame unakuwa mwembamba. Wa juu kabisa ulikuwa wa mwaka jana.

Mwenye akili angenyamaza. Nurdini akasimama.

"Hesabu mpaka mwaka wangu, mwalimu! Mwaka aliozaliwa huyo Munira. Waione mvua waliyoichezea!"

"Munira ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita," alijibu Hajira, akisogea mbele.

Fortunatus alihesabu taratibu kwa ncha ya sindano, akafika, akahesabu tena.

"Ni huu hapa. Samahani, mzee, huu ndio mwembamba kuliko zote. Mwaka huo hapakuwa na mvua ya maana."

Nurdini alitafuta neno, na kama kawaida yake akapata la kipumbavu. "Basi jiwe lenyewe ni vivu."

Harithi, nyuma kabisa, alijifanya anasoma simu.

Hajira alichukua kalamu ya Fortunatus mezani, akaiweka mbele ya Nurdini.

"Basi liandike, Mwenyekiti," akasema. "Liandike kwa jina, kama ulivyoniandika mimi."