Faili Lililokataa Kubadilika

Eliakim ni mtu wa Iyula, na ukimtazama anavyokunywa chai utajua ni mtu wa namna gani. Anaipoza, anaionja, anaongeza sukari kidogo, anaionja tena. Kazi zake zote ziko hivyo. Mimi nina pupa, na mara nyingi nimetamani kumsukuma. Lakini katika ofisi yetu ya yadi ya malori hapa Tunduma hakuna aliyewahi kumkuta amekosea jambo kwa haraka, na pengine ndiyo maana siku ile sote tulimwamini.

Yadi ina seva moja kuukuu ya Linux, kompyuta inayohudumia ofisi nzima, na ndani yake imo programu inayopanga zamu za malori kwenda mpakani. Mimi, Fides, nazisoma zamu hizo kwenye kipaza sauti. Wanaoishika seva yenyewe ni wawili tu: Eliakim, anayekuja kila siku kutoka Vwawa, na Hamis, mtu wa Kigoma aliyelowea hapa mjini, anayeshika pia geti la yadi. Wawili hawa walikuwa wanakula sahani moja. Eliakim alipofiwa na baba yake, Hamis alilala matangani Iyula mpaka watu wa ukoo walipotawanyika.

Siku ile programu ilileta kero. Lori lililorudishwa kwa sababu ya karatasi lilikuwa linapelekwa mkiani badala ya kurudi kwenye nafasi yake. Madereva walinijazia dirisha, wananiporomoshea maneno kana kwamba zamu nazipanga mimi. Eliakim akaliona kosa, akalirekebisha, akakompaili, yaani akayageuza maandishi ya programu yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Ikakubali, ila marekebisho hayakutosha. Alipotaka kurudia, umeme ukakatika.

Haukukaa sana, ukarudi. Sasa, seva yetu betri yake ndogo ya kutunza saa ilikufa siku nyingi, kwa hiyo ikizimika huamka haijui ni saa ngapi, na intaneti ilikuwa bado haijarudi. Eliakim akatoa simu mfukoni, akatazama saa, akaiwekea seva, akaendelea na kazi.

Akarekebisha mstari, akakompaili. Mashine ikamjibu kwamba kila kitu kimeshakompailiwa, hakuna kazi ya kufanya. Akaijaribu programu: kosa lile lile. Akarekebisha tena. Jibu lile lile. Angeweza kufuta yote na kukompaili upya tangu mwanzo, lakini kwa seva ile mchana mzima ungeisha, na umeme wenyewe ndio huo. Mama Gwantwa, mwenye yadi, alikuwa amesimama nyuma yake amekunja mikono. Hamis aliingia kutoka getini kuuliza madereva wajibiwe nini.

"Hamis," Eliakim alisema, na siku zote humwita Kaka Hamis, "unaingia kwenye seva wakati mimi nafanya kazi?"

"Niingie nifanye nini, ndugu yangu? Si nilikuwa getini?"

"Mashine inasema imeshakompailiwa. Haya mapya mimi sijayakompaili. Basi kuna mwingine anayerudisha ya zamani. Na wenye paswedi ni mimi na wewe."

Hamis alimwangalia Eliakim, akaniangalia na mimi. Nikainama kwenye kipaza sauti changu, ambacho wala kilikuwa hakijawashwa.

"Eliakim, badilisha paswedi," alisema Mama Gwantwa. "Hamis, kaa pembeni kwanza, mwanangu. Kesho nitaamua kama kazi unaendelea nayo au hapana."

Eliakim akabadilisha. Hamis akaweka funguo za geti mezani kwangu, akasema, "Naenda kuswali," akatoka. Nilikasirika, jamani. Nilijiambia kumbe mtu unaweza kucheka naye miaka na usimjue.

Eliakim akairudia kazi. Akarekebisha, akakompaili. Mashine: hakuna kazi ya kufanya. Hapo nikaona vidole vyake vimeacha kuandika. Mlango alikuwa ameshaufunga, na mwizi bado yumo ndani.

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikitini. Eliakim akainua kichwa, akaitazama saa ya seva pembeni ya kioo. Saa sita ilikuwa bado haijafika.

"Fides, saa ngapi?"

"Saa saba kasoro."

"Ya kwetu au ya Zambia?"

"Ya kwetu."

Akaitoa simu yake, akaigeuza tukaione. Ilikuwa imenasa mtandao wa ng'ambo, kama zinavyofanya simu hapa mpakani, ikarudi nyuma saa nzima. Sisi wa Tunduma huuliza kabla ya kuamini saa. Yeye anaishi Vwawa, hakuuliza. Na mashine haimjui mtu, inalinganisha saa tu: faili likiwa jipya kuliko kazi iliyokwisha kukompailiwa, inakompaili, likionekana la zamani, inaliacha. Kila alichoandika tangu umeme urudi kilionekana kimeandikwa kabla ya kazi ile ya kwanza.

Akairekebisha saa, akalihifadhi faili upya, akakompaili. Mistari ikatiririka kwenye kioo. Programu ikakaa sawa, na mimi nikaanza kuita malori.

"Basi yamekwisha," alisema Mama Gwantwa. "Akirudi aendelee na kazi yake."

Hamis alirudi kuchukua koti lake. Eliakim alisimama mbele yetu sote, na mbele ya madereva waliokuwa dirishani.

"Ni mimi. Niliiwekea seva saa ya Zambia. Hakuna aliyeingia. Nimekuchafulia jina bure, Kaka Hamis. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Hamis, na nilimwona kwamba amesamehe kweli. Akachukua funguo zake mezani kwangu. Akafika mlangoni, akageuka.

"Ila nikuulize. Ulipodhani ni mimi, ulidhani nataka nini?"

Mistari yote ya faili lile Eliakim alikuwa ameipitia mmoja mmoja, lakini hilo hakuwa amejiuliza. Hamis akamsubiri pale mlangoni, bila hasira, mpaka lori likapiga honi getini, naye akaenda kufungua.

Bado wanakula pamoja. Na kila ninapowaona, naona Hamis bado anamsubiri.