Fundi Kainama Kufanya Nini?

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaandika vitabu vya maelekezo: pampu, jokofu, cherehani. Mwenyewe hajui kutengeneza hata pasi. Kazi yake ni kukaa na anayejua, amuulize mpaka ajute kujua. Nyumbani tunamwita Bi Kwa Nini.

Mwaka jana hospitali ikamleta kwetu, chumba cha kufulia mashuka. Fundi wa boila, mtambo wetu wa mvuke, alikuwa anastaafu Ijumaa, na Jumatatu boila ile ingekuwa mikononi mwangu. Mimi, niliyezoea kukunja mashuka! Fundi ana kovu la mvuke kutoka kiwiko hadi kiganja, kwa hiyo msiniulize kama niliogopa.

"Andika, dada," fundi akamwambia. "Washa moto, subiri mshale ufike kwenye alama, fungua mvuke taratibu. Basi."

"Taratibu kiasi gani?"

"Taratibu ni taratibu!"

Wifi akamkalia kooni siku tatu. Fundi akaanza kupita mlango wa nyuma kumkwepa. Kuuliza si ujinga, sawa, lakini huyu alipitiliza! Nikamwambia, "Wifi, mwache mzee wa watu apumue. Umeshaandika hatua tisa, unataka nini tena?"

"Mtu anayejua sana hasemi yote," akanijibu. Nikanuna.

Alhamisi akaja asubuhi mapema, akapindua ndoo, akaikalia. Hakuuliza kitu. Fundi akawasha moto huku anapiga mluzi, akapita nyuma ya bomba kubwa, akarudi kushika valvu ya mvuke.

"Hapo nyuma umeinama," wifi akasema. "Umeinama kufanya nini?"

"Nani, mimi? Sijainama."

"Umeinama, fundi. Na mkono umefika chini."

Fundi akarudi nyuma ya bomba, akainama tena polepole, akiutazama mkono wake unakokwenda. Ukaishika koki ndogo karibu na sakafu. Kando yake kulikuwa na maji kama kikombe kimoja, yametoka sasa hivi.

"Ala! Namwaga maji yaliyolala bombani," akasema. "Mvuke ukiyakuta humo, bomba linapasuka." Miaka ishirini na sita alikuwa anafanya hivyo bila kujijua. Akanigeukia, uso umemshuka. "Ningekuua, mwanangu."

Wifi alikuwa anaandika tayari, anatabasamu peke yake. "Na unajuaje kwamba yamekwisha?" Safari hii fundi akavuta ndoo ya pili, akakaa naye.

Jumatatu nilikuwa peke yangu, kitabu mkononi. Hatua ya nne, nikafungua koki. Maji ya kutu yakatoka, yakatoka, hadi nusu ndoo. Nikakaa sakafuni nikalia, wala sioni haya kusema. Kisha nikampigia wifi simu kumshukuru, na kumwomba radhi kwa yote niliyomsema.

"Nusu ndoo?" akanikatiza. "Mbona Alhamisi yalikuwa kikombe tu? Usifungue mvuke, nakuja."

Nusu saa haikupita, akaingia. Nyuma yake alikuwa fundi, mstaafu wa siku tatu, anahema. "Hata mimi," akasema, "nataka kujua."