Kibali cha Kupuliza Sumu

Watu wa Butembo hawaogopi sumu. Sumu wanainunua sokoni ndani ya chupa ya maji, bila lebo, kwa mama yule yule anayeuza chumvi na sabuni, na wanairudisha nyumbani katika kikapu kimoja na mikate. Wanachoogopa ni nguo za mtu anayejikinga na sumu hiyo. Nimeishi na jambo hili miaka kadhaa na bado linanipandisha hasira, ingawa siku hizi hata hasira yenyewe imechoka.

Mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa wapuliza dawa majumbani. Tuliua kunguni, mende, viroboto, na wadudu wanaotoboa maharagwe katika depo za wafanyabiashara. Mimi, dada yake mdogo, nilimwita yaya, kama tunavyowaita huku wakubwa wetu. Alianza kubeba pompe, lile tangi la kupulizia dawa, mgongoni akiwa kijana, katika mashamba ya viazi ya Musienene, akipuliza dawa ya ukungu pekupeku, suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini. Ulipokuja ugonjwa wa Ebola tuliajiriwa sote wawili na riposte, yaani zile timu zilizokuja kupambana nao. Tulipuliza klorini katika nyumba ambazo mgonjwa alikuwa ametolewa, tukiwa tumevaa nyeupe kuanzia utosini hadi kwenye buti. Tulitupiwa mawe Butembo, tukatupiwa mengine Beni. Ugonjwa ulipoisha timu zikapanda magari yao zikaenda, sisi tukabaki na kazi tuliyoijua.

Yaya ndiye aliyetaka kibali. Mimi nilisema kwa nini tujisumbue, mbona wapuliza dawa wengine hawana hata cheti cha shule ya msingi na wanakula? Akanijibu kwamba amebeba pompe maisha yake yote kama mwizi anayebeba mbuzi, na mara moja kabla hajazeeka anataka kuibeba kama mtu mwenye kazi. Basi tukaomba. Masharti hayakuwa madogo: kusoma na kuelewa lebo, kufuata mafunzo na kufaulu mtihani, kuwa na stoo yenye kufuli mbali na jikoni, kupimwa na daktari, kisha kupimwa tena kila kibali kinapoisha. Na sharti kubwa kuliko yote, ambalo lingetosha kukupokonya kibali ukilivunja, lilikuwa mavazi: ovaroli, glavu, buti, miwani, na barakoa ya mpira yenye vichujio viwili.

Agronomu, yaani afisa kilimo, aliyetufundisha alikuwa mwanamume mpole mwenye sauti ya kutoboa ukuta. "Kibali ni ya mutu, hapana ya pompe," alituambia. "Mutu akiharibika, pompe itabaki nzima pale ku ukuta, donc mujichunge." Yaya alicheka mpaka akakohoa. Alifaulu mtihani kunishinda mimi niliyesoma sekondari, na siku tuliyopewa vibali alikipeleka chake kufunikwa plastiki, akakitia katika mfuko wa shati upande wa moyo. Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku ya harusi yake.

Kazi yetu ya kwanza yenye kibali ilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, kwa mama mmoja aliyepangisha vyumba. Wapangaji wake walikuwa hawalali kwa kunguni. Tulifika kwa pikipiki, tukavaa nyeupe zetu uani kama tulivyofundishwa, tukisaidiana kufunga zipu. Nilikuwa bado navuta glavu nikasikia mtoto akipiga yowe. Wanawake waliokuwa wakichota maji walitupa madumu. Mmoja akajishika kichwa akaanza kilio kabisa, kilio cha msiba, na kabla hatujapiga hata tone moja la dawa watu walikuwa wamejaa njiani wakiuliza ni nani aliyekufa.

"Hakuna mutu alikufa!" mwenye nyumba alipiga kelele. "Ni juu ya kunguni!"

Mwanamume mmoja akauliza, "Kunguni banavalia vile?" Tayari alikuwa na jiwe mkononi.

Tulivua pale pale, tukaondoka bila kupuliza. Wapangaji wa yule mama walihama mmoja mmoja, kwa kuwa nani angekubali kulala katika nyumba iliyofikiwa na watu wa nyeupe? Alitutumia ujumbe kwamba heri kunguni kuliko sisi. Mambo kama hayo hayahitaji redio. Baada ya hapo kila aliyetuita alianza na swali lile lile: mtakuja na ile nguo?

Tulijaribu kila njia. Tulitia ovaroli rangi ya buluu, watu wakasema Ebola imekuja na rangi nyingine. Mzee mmoja Mwislamu wa Bungulu, kule Beni, aliyekuwa na malori na depo ya maharagwe, alitupokea kwa heshima, akatazama vibali vyetu kwa makini, akasema, "Bana bangu, mi naheshimu hii karatasi. Mais muvalie mule ndani, mlango ikiwa imefungwa, mutoshe mbele ya kutoka." Yaani tuvae na kuvua mle mle ndani, kabla ya kutoka. Kwake iliwezekana, maana depo haina madirisha. Tulitoka tumelowa jasho kama nguo za kufua, lakini salama. Majumbani haikuwezekana. Katika nyumba za huku mtu hawezi kupiga chafya jirani asimwambie pole, seuze kuvaa barakoa ya mpira. Mtoto anachungulia dirishani, anaona sura ile yenye pua mbili, na kilio kinaanza tena.

Ndipo yaya akasema yeye atavua. Tuligombana kweli kweli. Nilimwuliza kibali alikuwa amekitafutia nini.

"Mudogo wangu," alisema, "kibali inasema nivae, mwenye nyumba anasema nitoshe. Kibali hailishe batoto."

Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Nilisema kwa hasira, kama tunavyosema sote, na yeye akacheka, akajifunga puani foulard ya mkewe, kitambaa cha kichwa, iliyoloweshwa maji. Toka siku hiyo tukagawana: mimi nilichanganya dawa nyuma ya stoo yetu, na mavazi yangu yote, mahali ambapo hakuna macho ya mtu, naye akaingia majumbani na shati lake na kibali chake mfukoni. Wateja walirudi. Walimpenda. Walisema huyu ni fundi wa kweli, hana maringo, anafanya kazi kama mtu.

Jioni alikunywa maziwa. Wapuliza dawa wote wa kwetu wanakunywa maziwa, wanaamini yanaosha sumu tumboni. Agronomu alikuwa ametuambia wazi kwamba ni uongo, na yaya aliliandika hilo sawasawa katika mtihani. Akaendelea kunywa. Nilikuwa nakaa namtazama anavyomaliza kikombe, macho mekundu, mkono unatetemeka kidogo, na nilijua, na yeye alijua kwamba nilijua. Tulizungumza mambo ya mvua.

Alianguka Beni, mchana, katika nyumba ya vyumba vidogo visivyo na hewa. Mimi nilikuwa nje na mizigo. Alitoka akishika ukuta, mate yanamtoka yasizuilike, jasho kama amemwagiwa ndoo, akatapika kizingitini. Mboni za macho zilikuwa zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Nilipogeuka kuomba msaada uwanja ulikuwa mtupu. Watu wale wale waliokataa nguo kwa hofu ya Ebola walimwona mtu anatapika wakakimbia Ebola. Hakuna pikipiki iliyokubali kumbeba. Nilimpigia simu mzee wa Bungulu, akatuma dereva wake na lori, na dereva yule, Mungu ambariki, alimnyanyua yaya kwa mikono yake mwenyewe akamlaza juu ya maturubai.

Hospitalini walitaka kumweka kwanza nyuma ya uzio mpaka vipimo vya Ebola vitoke. Nilipiga kelele, "Ni dawa ya kunguni! Sumu! Muangalie!" Nilichomoa kibali katika shati lake lililolowa nikakibandika kwenye kioo cha muuguzi. Alikisoma. Aliangalia picha, akaangalia macho ya yaya, kisha akaita wenzake na sindano. Siku hiyo, na siku hiyo tu, karatasi ile ilitufaa.

Alipona, au tulidhani hivyo. Baada ya majuma machache alianza kulalamika ganzi vidoleni, kisha miguu ikawa inaburuzika, ndala zinamtoka akitembea asijue. Na muda wa kibali ukaisha. Alitaka kukifanya upya. Nilimwambia yaya, acha, akanijibu kwamba bila kibali yeye ni nani. Nilimpeleka kwa daktari nikimshika kiwiko, naye akaninyang'anya kiwiko chake tulipofika mlangoni ili aingie peke yake.

Daktari hakuwa na mashine ya kupima damu kwa sumu za namna ile. Alimpigapiga magoti kwa kinyundo, akamwangalia macho, halafu akamwambia kwa upole, "Baba, simama juu ya visigino."

Yaya alijaribu. Ni jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu analifanya kwa mchezo. Vidole vya miguu viligoma kunyanyuka. Alijaribu tena akishika meza, akaniangalia, akatabasamu kwa aibu, na mimi nikaangalia kalenda ukutani. Daktari aliweka kalamu chini bila kuandika.

Agronomu alikuja nyumbani yeye mwenyewe kutuambia kwamba haiwezekani. Hakukemea, na laiti angekemea. Alisema sharti la afya liliwekwa kumlinda mpuliza dawa. Nilimwuliza, kwa sauti ambayo mama yangu angenichapa kwa ajili yake, sharti linalomlinda mtu mpaka awe ameshaharibika halafu linamfukuza, hilo linamlinda nani? Alikunywa chai, akamshika yaya bega, akaenda. Sijui nilitaka aseme nini. Hakukosea hata neno moja, na ndiyo sababu nilimchukia.

Sasa kibali kilicho hai ni changu peke yangu. Mke wa yaya analima kwao Musienene, na yaya anakaa kwangu, kitini karibu na mlango, akimchunga mwanangu mdogo ambaye hajajua kusema vizuri. Watoto wa nyumba mbili wanakula kwa pompe yangu. Nilijiapiza kwamba sitavua, hata tulale njaa. Na kwa kweli tulilala.

Juzi aliniita mama mmoja wa huku huku Butembo. Ana kichanga kilichojaa vipele vya kunguni mpaka kwenye kope. Nilifika, nikamwomba tufunge mlango ili nivae ndani. Alipoiona barakoa mikononi mwangu alikaa chini, sakafuni. Hakupiga kelele. Alisema, "Batoto bangu mbili balibebwa na batu ba vile. Sikuonaka tena sura yabo. Hata ku kaburi sikuonaka. Nakuomba, mama, tosha ile kitu."

Miaka yote nilikuwa nawaita watu hawa wajinga. Nilisimama na ile barakoa, kichanga kinalia na kujikuna. Niliirudisha mfukoni. Nikavua na glavu, maana hizo pia alikuwa anazitazama. Nikajifunga kitambaa puani, nikapuliza nyumba nzima, chini ya vitanda, nyuma ya picha ya Bikira Maria, katika nyufa zote. Nilifanya kazi nzuri. Aliniambia wasingya, asante ya kwetu, akanishika mikono yote miwili.

Nilipoingia nyumbani mwanangu alinikimbilia, mikono juu. Yaya alinusa tu. Uso wake ulibadilika, akanyoosha mkono wake ule unaotetemeka akamshika mtoto shati kwa nyuma, akamzuia.

"Enda uoge kwanza," aliniambia, "mbele ya kumushika."

Nilikwenda kuoga, nikimsikia mtoto analia huko nje, na yaya anamwambia nyamaza, mama anakuja.