Wanangu Wamevunjana Mifupa kwa Sababu ya Bolti Kumi

Kwanza niwagombeze. Nyinyi watoto wa ukurasa huu, mama zenu wako hapa hapa Sydney, treni ni vituo vichache tu, lakini mnakaa mpaka chakula tulichowawekea kinaota barafu kwenye friji. Simu si miguu! Na kati yenu yumo mmoja wa tumbo langu. Najua unausoma ukurasa huu kila siku. Kaa chini, sikiliza.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, Mkongo wa Uvira, naishi Granville kwa mwanangu wa kwanza. Shule sikuingia hata kwa dirisha. Naongea, simu inaandika, mwenye ukurasa atanyoosha. Jina langu lifiche, hasira yangu usiifiche.

Nina wana wawili waliobaki. Nitawaita Mkubwa na Mdogo. Mkubwa anapakia makontena Wetherill Park, Mdogo ni fundi wa malori. Walichanga wakanunua gari la zamani la Kimarekani, Chevelle, jekundu, refu kama jeneza la tajiri. Mdogo alikuwa kazini, kwa hiyo Mkubwa ndiye aliyekwenda kulichagua. Tangu siku hiyo hapa ndani hakuna maongezi mengine, mpaka na mimi nimejua. Gari hilo lina madaraja, kama vitenge nilivyouza sokoni kwetu. La kawaida linaitwa Malibu, moteri yake ndogo wanaiita mia tatu na saba. La juu linaitwa SS, lile lina moteri ya mia tatu tisini na sita, na ikiwashwa vikombe vinacheza kabatini. Umbo ni lile lile. Ni kama kitenge cha wax ya kweli na cha wax ya kuiga, mchoro mmoja, mpaka uipindue nguo. Mkubwa aliapa letu ni SS, maana herufi hizo zilikuwa zimebandikwa mbele na nyuma.

Jumapili moja, baada ya ibada, wazee wa kanisa walikuja kula kwetu. Meza iliwekwa uani, karibu na gari.

"Wazee, tazameni," Mkubwa akasema, akipapasa herufi zake. "Malibu ni la kupeleka watoto shule. Hili ni SS. Mnyama!"

Mdogo akajilaza na tochi, akaingia chini ya gari. Tukasikia sauti yake huko chini, akimwita kaka yake kwa kikwetu: "Yaya, SS la kweli, difu yake huku nyuma, katikati ya magurudumu, ina bolti kumi na mbili. Hesabuni na mimi, wazee. Moja! Mbili!"

Na wazee wale, wapumbavu, wakaitikia kama kwaya. Walipofika kumi, Mdogo akazima tochi. Kisha akapasuka kicheko.

"Zimeisha! Yaya, umetuletea Malibu lililoazima suti ya harusi!"

Wakacheka. Mzee mmoja alicheka mpaka soda ikamtoka puani.

Kwetu, mdogo hamvui mkubwa wake nguo mbele ya wageni. Akiona kosa, anamwambia mama, na mama anamwita mkubwa jikoni, anampa habari akiwa amekaa. Hiyo ndiyo kazi yangu ndani ya nyumba. Mdogo anaijua. Alinipita.

Mkubwa alimkamata miguu akamburuta, mgongo ukachunika kwenye saruji. Akampiga teke la mdomo. Jino liliruka likatua kwenye bakuli la wali, nililiona kwa macho yangu. Mdogo akainuka na chuma cha jeki, akamshushia kwenye mkono wa kulia. Nilisikia mfupa ukikatika, kama muhogo mkavu unapovunjwa gotini. Mkubwa hakulia, akamrukia na kichwa, pua ya Mdogo ikapasuka. Wajukuu wanapiga kelele, "Dad, stop! Stop!" Ile kwaya yote imeshakimbilia barabarani. Nikachukua mchi ninaotwangia sombe, majani yetu ya muhogo. Mdogo nikampiga begani, chuma kikamtoka. Mkubwa nikampiga gotini, akakaa chini. Nikasimama katikati: "Anayetaka damu aanze na hii iliyowazaa!"

Mdogo aliondoka akitema damu. Hajarudi.

Mdogo mwanangu, mkono uliouvunja ndio uliokubeba tulipokimbia vita. Mimi nilikuwa nimechoka kukubeba. Kaka yako, hata ndevu hajaota, aliniambia, "Mama, nipe." Akakubeba mpaka mpakani. Hukumbuki, kwa sababu ulikuwa umelala.

Sasa Mkubwa ana plasta. Anashinda garaji akisugua zile herufi za uongo kwa mkono wa kushoto, anasema, "Akikanyaga hapa nitamwua." Panga la majani ameliegemeza nyuma ya mlango. Na Mdogo amenitumia sauti: "Mama, nakuja na wenzangu, nalikata gari katikati, nachukua nusu yangu. Akinigusa, safari hii sitapiga mkono." Nimewazaa mwenyewe, hawatishii bure.

Watoto wa watu, niambieni mwenzenu. Niite polisi, wanangu wafungwe katika nchi iliyotupokea? Au nichukue mchi, nilipasue gari lile kioo kwa kioo, lisiwe Malibu wala SS? Mikono inaniwasha. Lakini naogopa, nikilivunja, watabaki na chuki bila hata sababu ya kukutana. Mimi nifanye nini?

Na wewe Mdogo, usingoje majibu yao. Panga nimeliondoa, liko chini ya godoro langu, ninalilalia. Njoo Jumapili, peke yako, bila chuma. Pita mlango wa jikoni, gari usilitazame. Sombe nimeshanunua Cabramatta, nitaitwanga mwenyewe, na sahani nitaweka moja. Kaka yako mkono wa kulia haushiki kitu. Tonge la kwanza utamlisha wewe.